Tumaini kwa Ajili ya Mwingine

Mtu aweza kutamani, aweza kutaraji, na aweza kutumaini. Maneno haya matatu ya Kiswahili hukaa jirani, walakini hayali chungu kimoja. Tamaa ni ya moyo peke yake. Hutaka kitu pasipo kuuliza kama chapatikana au hakipatikani. Tarajio ni la akili na dalili; mkulima hutaraji mvua kwa kuwa ameona mawingu yametanda, na nahodha huutaraji upepo wa kaskazi kwa kuwa aijua miezi yake. Tumaini lina kitu cha tatu ndani yake, nacho ni mtu. Husemwa kwamba mtoto amtumaini baba yake, na mgonjwa amtumaini mganga wake. Mtoto akisemwa kuwa amtaraji baba yake, maana yake ni kwamba baba yu njiani na mlango umeachwa wazi. Lakini akisemwa kuwa amtumaini, baba aweza kuwa ng'ambo ya bahari, hana nauli wala hajaandika barua, na tumaini likasimama vile vile. Tarajio huegemea juu ya mambo yalivyo. Tumaini huegemea juu ya mtu alivyo.

Dini ya Kikristo ililichagua neno hili la tatu, ikaliweka kati ya imani na mapendo katika fadhila zake kuu. Mtume Paulo aliwafundisha Warumi kuwa kitu kikishaonekana kwa macho tumaini lake limekwisha. Mtakatifu Augustino, katika kitabu kidogo alichoandika yapata mwaka 421, alipima tofauti ya imani na tumaini kwa makini. Imani, alisema, yaweza kuhusu mambo yaliyopita na yajayo, mema na mabaya, ya mtu mwenyewe na ya watu wengine. Lakini tumaini ni la mambo mema tu, yajayo tu, na yenye kumhusu yule yule atumainiye. Thomas wa Akwino, katika karne ya 13, aliongeza sharti jingine: jambo litumainiwalo lazima liwe gumu, na pamoja na ugumu wake liwe lawezekana. Hapana atumainiye kupata kile kilichokwisha kuwa kiganjani, wala hapana atumainiye lisilowezekana kabisa. Huku na huku pa tumaini alisimamisha makosa mawili: kukata tamaa kwa mtu aliyejifungia mlango, na kujihakikishia kwa mtu aliyejiona amekwisha fika.

Kisha Thomas aliuliza swali ambalo wasomaji wengi hulipita mbio. Je, mtu aweza kutumaini kwa ajili ya mtu mwingine? Kwa maana kamili ya neno, alijibu, hawezi, kwa sababu tumaini ni mkono unyooshwao kwa kitu cha mtu mwenyewe. Lakini mapendo yakiwa yamewaunganisha watu wawili hata heri ya mmoja imekuwa heri ya mwenzake, aweza. Jawabu hilo ni fupi, nalo lina uzito mkubwa. Kama Augustino peke yake ndiye mwenye haki, mtu ajuaye kuwa atakufa kabla ya mwisho mwema hana la kutumaini katika mwisho huo, na kazi yake yote kwa ajili ya wale wajao ni wajibu mkavu au mazoea. Kama Thomas ana haki, mtu huyo aweza kutumaini kwa ukamilifu, ila kwa bei moja: kwanza apende.

Swali hili la kale limepata mahali pa kujaribiwa ambapo hapana mmoja wa mababa hao angalipafikiria, yaani katika sinema za hadithi za sayansi. Sinema hizo hushughulika na wakati ujao, na aghalabu huuweka ulimwengu mzima katika hatari, hata mtazamaji hulazimika kuuliza nini kitabaki na kwa ajili ya nani. Tena zimezoea kuazima vyombo vya kanisa. Mfano ujulikanao sana ni filamu ya Robert Wise ya mwaka 1951, The Day the Earth Stood Still, ambamo mgeni kutoka sayari nyingine ashuka Washington na kujiita Carpenter, maana yake seremala. Auawa kwa risasi za askari, kisha ahuishwa na mtu wake wa mashine. Ofisi iliyochunguza maadili ya sinema Hollywood haikukubali kwamba mashine iwe na mamlaka hayo juu ya uhai, na kwa hiyo mgeni alitiwa maneno ya kukiri kuwa uwezo huo ni wa Roho Mwenyezi. Mwandishi wa filamu, Edmund North, alikubali baadaye kwamba mfanano na Kristo aliuweka kwa makusudi, kwa siri.

Mfanano huo umewapendeza wachambuzi wengi, nao huhesabu misalaba na majeraha ya mikono katika kila sinema kama karani ahesabuye magunia bandarini bila ya kufungua hata moja. Gunia hili likifunguliwa, ndani yake hamna tumaini. Ujumbe wa mgeni kwa wanadamu ni kwamba waishi kwa amani, la sivyo dunia yao itateketezwa na walinzi wa mashine wasiobembelezeka. Huenda onyo hilo lilifaa katika miaka ya kwanza ya mabomu ya atomiki. Lakini mtu aliyeinuliwa rungu juu ya kichwa hutaraji tu. Hajui tabia ya mwenye rungu wala haihitaji, yamtosha kujua uzito wa rungu.

Filamu ya Christopher Nolan ya mwaka 2014, Interstellar, yaenda mbali zaidi, na kosa lake lastahili kuangaliwa kwa heshima. Dunia imeshikwa na ugonjwa wa mimea. Ngano imekwisha, bamia yavunwa kwa mara ya mwisho, na mahindi peke yake ndiyo yaliyobaki katikati ya tufani za vumbi. Mtaalamu mzee, Profesa Brand, amepeleka watu katika anga za mbali kutafuta makao mapya, na safari zao zimepewa jina la Lazaro. Ana mipango miwili. Wa kwanza ni kuwaondoa duniani watu walio hai, iwapo hesabu ya nguvu ya mvutano aliyoifanya maisha yake yote itapata jawabu. Wa pili ni kuchukua viini vya mimba vilivyogandishwa, kuvipanda katika sayari nyingine, na kuwaacha walio hai wafe walipo. Rubani Cooper akubali kwenda kwa sababu ya mpango wa kwanza. Amwacha binti yake Murph akilia, akiamini kwamba safari yake itamwokoa. Binti akua, awa mwanafunzi wa mzee, amsaidia katika hesabu ile. Siku mzee akatapo roho amwambia kweli: alijua tangu zamani kwamba hesabu haiwezi kukamilika bila ya habari zilizo ndani ya shimo jeusi la anga, ambako hapana habari itokayo. Mpango wa kwanza ulikuwa kamba ya kuwavutia watu kazini.

Mzee huyu si mwovu, na ndiyo sababu jambo lake ni gumu. Alidanganya kwa huruma na kwa hesabu. Alifikiri hivi: watu hawatatoka jasho kwa ajili ya wanadamu ambao hawajazaliwa, watatoka jasho kwa ajili ya watoto wao tu, basi waambiwe kwamba wawaokoa watoto wao. Kwa maneno mengine, aliafikiana na Augustino akamkana Thomas. Aliona kwamba tumaini la mtu halivuki kizingiti cha nyumba yake.

Wako watetezi wa uongo kama huo, wala si wajinga. Husema mganga aliyemficha mgonjwa ukubwa wa ugonjwa wake amempa siku za usingizi mzuri, na jahazi litotalo huhitaji watu wa kukumba maji hata kama nahodha amekwisha kujua kuwa halitafika. Huenda ni kweli kwamba maji yatakumbwa. Lakini maneno yaliyopimwa hapo mwanzo yana hukumu yake hapa. Tarajio la uongo ni kosa la hesabu, na mtu akilitambua husahihisha daftari lake. Tumaini la uongo ni jambo zito kuliko hilo, kwa sababu lilimwegemea mtu, na mtu yule hakuwapo pale alipoegemewa. Murph hakuibiwa mwisho mwema peke yake. Aliibiwa miaka aliyoitumia. Tena aliibiwa hata nafasi ya kuamua. Huenda angaliambiwa kweli angalikubali kufanya kazi kwa ajili ya watoto wasiojulikana wa sayari isiyojulikana, kwa macho mawili wazi. Mzee hakumwuliza. Alikata shauri kwa niaba yake kwamba mapendo yake hayafiki huko.

Na filamu, baada ya kulifungua jambo kubwa namna hii, yalifunga kwa haraka. Cooper aingia katika shimo jeusi, habari zapatikana, Murph akamilisha hesabu, watu waokolewa, na baba arudi kumkuta binti yake bibi kizee kitandani. Kila deni lalipwa mbele ya mtazamaji. Wengi walilia katika majumba ya sinema, wala machozi hayo si ya kudharauliwa. Lakini uongo wa mzee umegeuka kweli pasipo yeye kustahili, na lile swali la kama mtu aweza kutumaini kwa ajili ya asiyemjua limekwepwa, maadamu hapana tena aliyehitaji kulijibu.

Kwa bahati ya ajabu Michael Caine, mwigizaji aliyekuwa Profesa Brand, alikuwa miaka minane kabla yake mzee wa namna nyingine kabisa, katika filamu ya Alfonso Cuarón iitwayo Children of Men, iliyotoka mwaka 2006. Huyu, Jasper, awaelekeza rafiki zake njia ya kutorokea, kisha abaki nyumbani kwake kuwachelewesha wauaji kwa mizaha hata wampige risasi. Hakumwahidi mtu yeyote lolote.

Filamu hiyo ilitokana na riwaya ya mwaka 1992 ya P. D. James, mwanamke Mwingereza aliyekuwa mshiriki wa Kanisa la Uingereza, aliyelitoa jina lake katika Zaburi ya 90, ambayo kanisa lake huisoma mazikoni. Cuarón, mtu wa Meksiko, aliibadili sana riwaya. Alichokihifadhi ni ile hofu ya msingi. Ni Uingereza ya mwaka 2027, uliokuwa mbele kwa miaka 21 filamu ilipotoka, na kwa muda wa miaka 18 hapana mtoto aliyezaliwa popote duniani. Serikali yagawa dawa ya kujiua katika kisanduku kizuri. Wakimbizi wafungiwa vizimbani katika vituo vya gari moshi. Mkuu mmoja wa serikali amekusanya kazi bora za sanaa za ulimwengu, Daudi wa Michelangelo akiwa mlangoni na Guernica ya Picasso ukutani pa chumba cha kulia. Binamu yake Theo amwuliza faida yake ni nini, ikiwa baada ya miaka 100 hapatakuwa na jicho la kuvitazama. Ajibu kwamba hilo halifikirii. Mtu huyu ameyakusanya makosa yote mawili ya Thomas katika mlo mmoja: amekata tamaa kama maskini na kujihakikishia kama tajiri.

Theo naye ni karani mlevi ambaye mtoto wake, Dylan, alikufa katika ugonjwa wa mafua ulioenea duniani. Hana imani ya kutajika. Akutanishwa na Kee, msichana Mwafrika mkimbizi, ambaye ndani ya zizi, katikati ya ng'ombe, amwonyesha kwamba ana mimba. Hapa sinema nyingine ingalijaza nyota na malaika. Kee amtania Theo kwamba yeye ni bikira, kisha acheka. Na kwa kicheko hicho filamu yajiepusha na ule mfanano rahisi, ikabaki na jambo lenyewe. Jambo lenyewe ni safari. Theo apaswa kumfikisha msichana pwani, kwenye meli ya watu waitwao Mradi wa Binadamu, ambao hapana hata mmoja katika hadithi ajuaye kwa hakika kama wapo. Avaa kandambili sehemu ya njia, mguu watoka damu, na hafyatui risasi hata moja.

Katika kambi ya Bexhill, mtoto akiisha kuzaliwa, vita vyawaka ndani ya jengo walimo. Theo na Kee washuka ngazi na mtoto aliaye. Askari wasikia sauti ambayo hawajaisikia kwa miaka 18, mizinga yanyamaza, baadhi wapiga magoti na kufanya ishara ya msalaba, na watu wanyoosha mikono kugusa miguu ya mtoto. Watatu hao wakiisha kupita, kombora lapigwa, na vita vyaanza upya kama kwamba hapana kilichotokea. Wako waliolaumu kwamba tumaini la namna hii ni dhaifu. Bali ni kwa udhaifu huo sehemu hii yashinda ahadi zote za filamu zilizotajwa. Mtoto hakuleta amani. Alileta dakika moja, na dakika hiyo ilitosha kuonyesha kwamba watu wale hawakuwa wamekata tamaa kama walivyodhani wenyewe.

Mwisho ni mashua katika ukungu, kando ya boya lenye taa. Theo amepigwa risasi, na Kee aiona damu. Amfundisha Kee jinsi ya kumpigapiga mtoto mgongoni anyamaze, kwa kuwa aliwahi kuwa baba na mikono yake yakumbuka. Kee amwambia kwamba mtoto, ambaye ni wa kike, ataitwa Dylan. Kichwa cha Theo chaanguka. Baadaye kidogo meli yatokea katika ukungu, na jina lake, Tomorrow, maana yake Kesho. Theo hakuiona. Filamu haisemi kama waliomo ni watu wema.

Alitumaini nini basi? Si wokovu wake, kwa kuwa alikuwa akifa. Si mtoto wake, kwa kuwa alikwisha kuzikwa. Si taifa lake, kwa kuwa msichana yule alikuwa wa wale waliofungiwa vizimbani na taifa hilo. Profesa Brand angaliapa kwamba mtu wa hali hiyo hawezi kuondoka kitini. Lakini katika siku chache za njiani, pasipo hotuba wala kiapo, heri ya mgeni ilikuwa imekwisha kuwa heri yake, na hili ndilo hasa sharti la Thomas. Maandiko ya Kikristo yana watu wa namna hii tangu zamani. Ibrahimu aliahidiwa nchi nzima, na alipokufa, mahali palipokuwa milki yake katika nchi hiyo palikuwa ni kiwanja cha kaburi alilomnunulia mkewe. Musa aliitazama nchi kutoka mlima Nebo, akafia huko huko.

Lipo shaka ambalo halifai kufichwa. Kuwasifu watu wanaotumaini wasichokiona kumewafaa sana wale walioshiba. Katika Metropolis ya Fritz Lang, iliyoonyeshwa kwanza Berlin mwaka 1927, msichana Maria awahubiria wafanya kazi chini ya ardhi, mbele ya misalaba, akiwasihi wamngoje mpatanishi. Wangoja, na mpatanishi ajapo, ni mtoto wa tajiri, na yote yamalizika kwa msimamizi wa mitambo kupeana mkono na bwana wa mji. Wafanya kazi hawakuulizwa kitu. Lang mwenyewe alikuja kuukana mwisho huo, na alifanya vyema. Mwanafalsafa Ernst Bloch, asiyekuwa mtu wa dini, alitoa vitabu vitatu vikubwa kati ya mwaka 1954 na 1959 kulirudisha tumaini katika dunia hii na kulitoa mikononi mwa wale wawaambiao watu wangoje. Mwanateolojia Jürgen Moltmann, aliyenusurika akiwa kijana wa miaka 17 katika mabomu ya Hamburg mwaka 1943, kisha akaanza kuisoma Biblia kwa moyo katika kambi ya wafungwa wa vita, alimjibu mwaka 1964. Hakumpinga kwa kuitetea subira. Alisema kwamba aliye na tumaini la Kikristo hawezi kupatana na dunia ilivyo; ahadi humtia wasiwasi badala ya kumlaza.

Jawabu la Moltmann ni jema, lakini katika jambo hili lahitaji kuongezwa neno juu ya nani atoaye nini. Theo alikubali kutouona mwisho. Kukubali huko kulikuwa kwake yeye. Profesa Brand aliwakubalia wengine wasiuone, na Maria, kwa moyo mwema, aliwaomba wafanya kazi wakubali kitu ambacho bwana wa mji hakuombwa kukikubali hata kidogo. Mtu aweza kutoa macho yake yasione. Macho ya jirani si yake kutoa, wala ya mwanafunzi wake, wala ya raia wake, hata awe na hesabu nzuri namna gani ubaoni.

Filamu ya mwisho ya Andrei Tarkovsky, The Sacrifice, yawekwa na wengine nje ya hadithi za sayansi, kwa kuwa vita vya nyuklia ndani yake vyasikika zaidi kuliko kuonekana. Aliipiga katika kisiwa cha Gotland, Uswidi, mwaka 1985, ikaonyeshwa mwaka 1986, na kabla ya mwaka huo kwisha alikuwa amekufa kwa saratani mjini Paris. Mwanawe alikuwa amezuiwa Urusi kwa miaka kadhaa, akaruhusiwa kumfuata baba yake mwezi wa Januari wa mwaka ule wa kifo. Filamu imewekwa wakfu kwa mwana huyo. Mwanzoni Alexander asimika mti mkavu kando ya bahari, na amsimulia mtoto wake mdogo, ambaye hawezi kusema kwa sababu ya kupasuliwa koo, habari za mtawa wa kale aliyemwagiza mwanafunzi wake kuumwagilia mti uliokufa kila siku mpaka ukachanua. Vita vyatangazwa, Alexander amwahidi Mungu kuacha vyote alivyo navyo. Asubuhi vita havipo, wala hapana ajuaye kama vilikuwapo. Aichoma nyumba yake moto, na gari la wagonjwa lamchukua kama mwenda wazimu. Njiani lampita mtoto, aliyebeba ndoo mbili za maji. Mtoto aumwagilia mti, ajilaza chini yake, na kwa mara ya kwanza asema: auliza maana ya maneno ya mwanzo ya Injili ya Yohana, ilhali baba wa kumjibu amekwisha kupita. Picha yapanda polepole kufuata shina hata kwenye matawi, nyuma yake maji ya bahari yakimetameta, na juu ya matawi hamna hata jani moja.